Neno kwa Neno

Bwana shamba alimcheka mama yangu mbele ya watu kwa sababu mama alijua Kiswahili cha kuombea maji tu. Sikusahau.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, huko Puge, bwana shamba yuleyule alikuja kuwahutubia wakulima. Mimi nikachaguliwa kumtafsiria kwa Kinyamwezi.

"Waambie washenzi hawa wapande kwa mistari," alisema akitabasamu, akidhani wakulima hawamwelewi na mimi nitaliruka tusi.

Nikatafsiri kila neno, hata "washenzi". Wazee wakainuka, wakaenda zao.

"Umewaambia nini?"

"Ulichosema, ndugu."

Wiki iliyofuata alirudi kuomba radhi. Niliitafsiri taratibu, kisha nikamwomba airudie kwa sauti, nikidai mama hakusikia. Mama alikuwa amesikia vizuri sana.