Mama Tope na Udongo wa Sakafu ya Bahari

Maabara nzima, kuanzia mkuu wa idara hadi mlinzi wa getini, ilimwita Mama Tope, naye aliitika bila kununa. Kabla ya kuajiriwa chuoni alikuwa amepima udongo wa barabara kwa miaka kumi na moja, kofia ngumu kichwani, matope hadi magotini. Digrii hakuwa nayo. Vidole alikuwa navyo. Alisugua donge kwa kidole gumba na cha shahada, akakwambia lina mchanga kiasi gani, na mashine ikija kupima, mara nyingi ilimwunga mkono tu.

Mwaka mmoja alikuja daktari kijana, si wa sindano bali wa miamba, na masanduku ya mirija ya tope lililochimbwa chini ya bahari, mahali ambapo bamba moja la ardhi linajipenyeza chini ya jingine. Tope hilo hukaa katikati ya mabamba kama nafaka kati ya mawe ya kusagia. Daktari alitaka kujua lina nguvu gani: je, linashika au linateleza?

Miezi minne Mama Tope alilikausha kwenye oveni, akalisaga, akalilowesha tena, kisha akalibana kati ya sahani mbili za chuma za mashine na kulisukuma. Ndivyo mwongozo ulivyoagiza. Majibu yakatoka: tope gumu, linashika. Daktari akachora ramani yake kwa furaha. Tetemeko likianzia kwenye kina kirefu, alisema, likipanda hadi kwenye tope hili litakwama, na watu wa ufukweni watapata mawimbi madogo tu.

Roho ya Mama Tope haikutulia. Siku alipofungua mrija wa kwanza, tope lilimponyoka mkononi kama sabuni. Sasa karatasi inasema linashika? Asubuhi moja akabisha hodi ofisini kwa daktari.

"Dokta, ile ramani umeshaipeleka?"

"Inaenda Ijumaa, mama. Kwani vipi?"

"Usiipeleke."

Daktari alicheka. Alipoona uso wa mwenzake hauna mzaha, akaweka kalamu chini.

"Oveni imetudanganya," Mama Tope akasema. "Udongo huu una maji yaliyojificha ndani kwa ndani, katikati ya tabaka zake. Ukiukausha yanatoka, na ukiulowesha tena hayarudi yote. Barabarani tulijifunza kwa machozi. Tulikausha sampuli, karatasi ikasifia udongo, mvua ya kwanza tu lami ikachanika kama shuka kuukuu."

"Lakini mama, huo ndio mwongozo."

"Mwongozo haujawahi kulishika tope hili. Mimi nimelishika."

Daktari akaitazama ramani ukutani, kazi ya miezi minne. Kisha akauliza polepole, "Lipo lililobaki bila kukaushwa?"

Lilikuwepo. Mrija mmoja, umezibwa kwa nta na kuviringishwa kitambaa kibichi, ulikuwa ndani ya jokofu, nyuma kabisa, tangu siku ya kwanza.

"Nani alikwambia ulihifadhi?"

"Nani alinikataza?"

Walirudia vipimo wiki tatu, wakitumia maji ya chumvi kama ya baharini. Safari hii mashine haikuguna. Tope liliteleza kimyakimya, nguvu yake haikufika hata thuluthi ya ile ya kwanza, na hata walipoongeza kasi halikushika. Daktari alisoma namba mara mbili, akachukua ramani yake na kuichana mwenyewe.

Wageni wa ofisi ya maafa walipokuja kusikiliza matokeo, mmoja wao, bwana mwenye mvi, akauliza, "Kama tope linateleza, si ndiyo heri? Mabamba yapitane taratibu, yaishe."

Daktari akageuka. "Mama, wajibu wewe."

Mama Tope akasogea mbele. "Ingekuwa heri kama lote lingekuwa laini, mzee. Huko chini zaidi, joto na uzito vimelikamua maji, limekuwa gumu, na mabamba yameng'ang'aniana miaka na miaka. Siku yakiachana, mtikisiko utapanda juu. Tulidhani tope hili la juu litakuwa breki. Sivyo. Litauachia njia hadi sakafu ya bahari, sakafu inyanyuke, na maji yaliyo juu yake yanyanyuke pia."

Bwana mwenye mvi akafungua daftari. Alianza kuandika.

Ramani ya hatari ikachorwa upya, na shule mbili za ufukweni zikaingizwa kwenye orodha ya kuhamishiwa mlimani. Mlangoni mwa chumba cha oveni daktari akabandika tangazo kwa mkono wake mwenyewe: "Tope la bahari haliingii humu bila ruhusa ya Mama Tope."

Ripoti ilipochapishwa, jina lake likiwa la pili baada ya la daktari, aliipeleka kwa baba yake, mwashi mstaafu. Mzee aliivalia miwani, akaifuata mistari kwa kidole.

"Kwa hiyo umemshinda daktari?"

"Hatukushindana, baba. Nilisema, akanisikiliza."

"Mimi nilishika udongo miaka arobaini," mzee akasema, "na hakuna aliyewahi kuniuliza udongo unasema nini." Akaikunja ripoti, akaitia kwapani na kutoka nayo kifua mbele, kwenda kwa kinyozi, ingawa kichwani hakuwa na unywele hata mmoja.