Kerneli ya Waithera

Kwa miaka tisa, mtu wa Isiolo aliyekuwa na kompyuta iliyochoka alijua pa kuipeleka. Aliipeleka mtaa wa Wabera, kwenye kiduka cha mabati kilicho kati ya kinyozi na mama muuza chai, kwa Dida Waqo. Dida alikuwa mrefu, mwembamba, mpole wa mikono. Aliipokea mashine kwa viganja viwili kama anayepokea mtoto mchanga, akaifungua polepole, akaipuliza vumbi, na kabla ya kumwambia mwenyewe lolote alikuwa ameshaisikiliza feni yake kwa muda mrefu, kichwa kimeinama.

Mashine hizo alizitia Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa, na wala hakuitia kama ilivyokuja. Kerneli aliiunda mwenyewe. Kerneli ni moyo wa mfumo wote, programu inayotangulia kuamka, inayojua diski iko wapi, betri imebaki na nini, feni izungushwe lini. Kabla ya kuiunda, fundi huulizwa maswali kwa maelfu, karibu swali moja kwa kila kifaa kilichowahi kutengenezwa: hiki unakitaka? Atajibu ndiyo, kiingie ndani ya kerneli. Au hapana, kiachwe. Au moduli, yaani kikae pembeni kwenye diski, kiitwe kikihitajika. Majibu yote hukaa katika faili moja, faili ya usanidi, na faili hiyo ndiyo mali ya fundi.

Dida alipenda kujibu hapana. Alikulia kwenye boma la ng'ombe, alimwona mama yake akifungasha nyumba nzima juu ya ngamia mmoja, na tangu hapo kitu kisicho na kazi kilimkera machoni. Kerneli zake zilikuwa ndogo, kavu, zinazoamka kufumba na kufumbua. Ya zamani aliifuta kila alipomaliza mpya, hakupenda mabaki. Miongoni mwa hapana zake mbili kubwa, moja ilikuwa ya usingizi. Mwaka wake wa kwanza sokoni, mashine tatu zililala zilipofungwa kifuniko na hazikuamka tena mpaka zizimwe kwa nguvu. Wenyewe walipoteza kazi zao, wakaja dukani kufoka. Dida akaufuta usingizi. Nyingine ilikuwa ya kupunguza kasi ya prosesa wakati mashine haina kazi nzito. Iliigandisha kompyuta ya mwalimu mmoja, akaifuta nayo. Mashine za Dida zikawa hazilali wala hazipunguzi mwendo, kama punda wa maji. Betri zilikwisha mapema, lakini nani alilalamika? Hakukuwa na fundi mwingine wa kulinganisha naye.

Kisha akaja Waithera.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, ametoka Othaya kumfuata dada yake aliyeajiriwa katika ofisi za kaunti. Alikaa kwenye benchi la Dida miezi mitatu akijifunza, na siku aliyoaga, Dida alimpa faili yake ya usanidi kwenye flashi. "Anza na hii," alimwambia. "Imenichukua miaka sita." Ilikuwa kama Borana anapompa jirani ng'ombe wa kukama, ile desturi ya dabare: maziwa kunywa wewe, lakini ng'ombe ni wangu, na ndama akizaliwa ni wangu pia. Waithera hakuijua desturi hiyo. Alisema asante, akaenda kufungua chumba chake upande wa pili wa mji, njia ya Burat.

Kwa mwaka mzima Dida alimtaja kwa fahari: mwanafunzi wangu. Halafu mwenye duka la dawa za mifugo akapita akitembea na laptop kwapani, hakusimama. Halafu karani mmoja. Halafu wa tatu, aliyesimama ili tu aseme, "Fundi, yule msichana wako ni hatari. Mashine yangu sasa nafunga hivi, nafungua kesho, barua iko palepale nilipoiacha."

"Nafurahi," Dida alisema, na meno yakamuuma.

Nyumbani alilalamika kila siku akila. Kwamba Waithera ana haraka. Kwamba kerneli zake ni nene. Kwamba ameweka vitu ambavyo fundi mwenye adabu haviweki. Mkewe Sadiya alimsikiliza wiki mbili, ya tatu akaweka sahani chini.

"Abba Ibrae," alimwita kwa jina la mtoto wao, "jina langu unalikumbuka?"

"Swali gani hilo?"

"Nauliza tu. Ya huyo Mkikuyu nimeshayasikia mara kumi tangu Ijumaa, na langu sijalisikia."

Hakucheka. Laiti angecheka, pengine jambo lingeishia hapo.

Lakini wiki hiyohiyo alikuja Mwalimu Habibo, mkuu wa shule moja ya Kinna. Shule yake ilikuwa na kompyuta kumi na nane, umeme wa sola usiotosha, na Dida ndiye aliyezitunza tangu zilipofika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi aliyoipenda kuliko zote. Watoto wa Kinna walipomwona walimwita "Abba Kompyuta", baba wa kompyuta, na hakuna mahali pengine duniani alipoitwa hivyo.

"Salaam aleikum, Fundi."

"Aleikum salaam, Mwalimu. Karibu kiti."

Hakukaa. "Nimekuja kukwambia mwenyewe, usisikie kwa watu. Zile mashine zinazimika saa sita mchana. Darasa la mchana linakaa bure. Waithera nilimpa moja ajaribu, na inafika saa tisa."

Dida alijisikia kama aliyevuliwa shati hadharani. Na hapo ndipo alipotamka neno ambalo hakuwa amepanga kulitamka.

"Ile kazi ameiiba kwangu. Faili ni yangu. Nilimpa kwa mkono huu."

Habibo alikuwa mwanamke wa haki, na neno kuiba kwake halikuwa neno dogo. "Hilo ni neno zito. Mwizi sitamwachia mali ya watoto. Alhamisi pikapu ya shule itawachukua nyote wawili. Mtakuja kila mmoja na mashine moja aliyoitengeneza, zitaanza asubuhi pamoja, na hilo la wizi mtalisema mbele yangu. Atakayebaki na mashine inayowaka ndiye atakayezitunza zote."

Jumatatu Dida aliwasha kerneli yake na kuitazama kama mtu anayemtazama mkewe baada ya kusikia sifa za mke wa jirani. Jumanne mwenye duka la dawa za mifugo alileta laptop yake: bawaba imevunjika, na Waithera hakuwa na skurubu za saizi ile. Dida aliipokea kwa viganja viwili. Bawaba ilimchukua robo saa. Kisha akafungua mahali kerneli inapohifadhiwa, na faili ya usanidi ya Waithera ilikuwa pale, wazi, haina kufuli, kwa kuwa faili hizo hazifichwi.

Aliilinganisha na yake mstari kwa mstari. Alitaraji kukuta fujo. Alikuta subira. Usingizi ulikuwa umerudishwa, na chini yake amewasha vitu vidogo vidogo ambavyo Dida alivipita miaka yote bila kuvisoma, vile vinavyofanya mashine iamke salama. Kasi ya prosesa ilipunguzwa kwa njia ambayo haigandishi. Hata taa ya kioo na redio ya wayalesi zilifundishwa kupumzika. Kila badiliko lilikuwa dogo, na kila moja lilikuwa sahihi. Kazi mbaya angeisamehe palepale.

Akajiambia: ndama ni wangu. Akainakili faili nzima.

Jumatano aliitumia kuiunda kerneli kwenye mashine aliyoichukua kwa ajili ya Kinna. Umeme ulikatika alasiri. Alianza tena Alhamisi baada ya swala ya alfajiri, na kazi ilikwisha pikapu ikipiga honi nje. Akaifuta kerneli ya zamani, kama kawaida yake. Akaizima mashine, akaitia kwenye begi. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa hakuiwasha kwanza aione.

Waithera alikuwa ameketi mbele, amemwachia nafasi. "Habari ya asubuhi, Fundi. Karibu huku, nyuma kuna vumbi."

"Nyuma kuna hewa," Dida alisema, akapanda juu ya magunia ya unga, na akala vumbi mpaka Kinna.

Darasani Habibo aliweka meza mbili mbele. Watoto walijipanga ukutani. Waithera akawasha yake, ikafunguka. Dida akawasha yake. Kioo kikawa cheusi, kisha kikajaa maandishi meupe yaliyoshuka kwa kasi, kisha yakasimama. Hayakuendelea. Kerneli ilikuwa imekwama.

Aliyasoma mara moja akaelewa. Waithera alikuwa ameiweka diski kama moduli, na moduli zinakaa diskini. Kerneli yake haikwami, kwa kuwa huibebea kifurushi kidogo kinachopakiwa nayo mwanzoni, chenye moduli za kuanzia. Dida hakutumia kifurushi kamwe. Alikiona ni mzigo. Kwa hiyo kerneli iliyonakiliwa ilikuwa inaitafuta diski kwa ufunguo uliofungiwa ndani ya diski.

Habibo aliinama karibu na kioo, akavaa miwani. "Fundi, hapa katikati ya hizi namba, mbona pameandikwa dida?"

Dida akatazama. Ilikuwa hivyo. Kila kerneli ina toleo lake, na anayeiunda anaruhusiwa kulipachika jina nyuma. Dida hakuwahi kupachika lolote. Katika ile mistari ya Jumanne, macho yake yakitafuta umeme na usingizi, mstari wa jina aliuruka.

Waithera naye alikiona kioo. Alikitazama, akamtazama Dida, na Dida akaona kwamba amejua yote, kuanzia bawaba. Akangoja aseme. Waithera akairudia mashine yake.

"Hebu na wewe nionyeshe yako," Habibo alimwambia.

Waithera aliandika amri fupi. Namba ya toleo ikatokea, na nyuma yake: dida.

Habibo akavua miwani.

"Basi ulisema kweli, Fundi. Mpaka jina lako limo ndani ya mashine yake."

"Nilianza na faili yake, Mwalimu," Waithera alisema. "Hilo sijawahi kulikataa. Jina nimeliweka kwa kila mashine ninayotengeneza, watu wakiuliza nijue kuwaambia nilikoanzia."

"Kwa hiyo kazi ni yake."

Waithera alishika ukingo wa meza. "Muulize mwenyewe."

Na mlango ulikuwa wazi. Dida alihitaji tu kutikisa kichwa: mashine imegoma kwa safari mbaya, vumbi, magunia, jina ni langu, ndama ni wangu, na kompyuta kumi na nane zingebaki zake, na watoto hawa waliojipanga ukutani wangeendelea kumwita vile. Hata maneno yalikuwa tayari mdomoni. Kilichomzuia hakikuwa wema tu. Ilikuwa kwamba miaka mitatu hii, hata majuma haya alipokuwa akimsema msichana huyu kila chakula cha jioni, Waithera alikuwa akiandika jina la Dida katika kila mashine ya mji, na hakuwahi kulitangaza. Hata katika adabu alikuwa amemshinda.

"Mimi sijawahi kuandika jina langu katika kerneli yoyote," Dida alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi airudie. "Hiyo iliyokwama ni kazi yake. Nimeinakili Jumanne kutoka kwenye mashine ya mteja. Mimi nilimpa faili isiyojua kulala, na aliyoifanya juu yake siijui kuifanya. Nilisema ameiba. Hakuiba."

Habibo alikunja miwani yake, akaitia mfukoni. "Nimesikia. Dada, mashine kumi na nane ni zako kuanzia leo. Fundi, wewe nitakuja kuongea nawe siku nyingine, leo sina maneno."

Dida alikubali kwa kichwa. Akaifunga laptop iliyokwama. Angeweza kutoka nje kungoja pikapu, na miguu yake ilitaka kutoka, lakini macho yalikuwa bado kwenye mashine ya Waithera, ambayo watoto walikuwa wameanza kuizunguka.

"Ile diski," akauliza, bila kumtazama. "Kwa nini uliiacha kama moduli?"

Waithera alisita kidogo, kama anayepima swali lina ncha au halina. "Kwa sababu hizi mashine ni za aina tatu, Fundi, na kila aina ina diski yake. Ningeiweka ndani, ningehitaji kerneli tatu, na moja ikiharibika mwalimu hajui ipi ni ya ipi. Hivi natengeneza moja tu. Kifurushi kinachagua chenyewe."

Dida alikuwa akitengeneza kerneli tatu kwa ajili ya Kinna, kila mwaka, kwa miaka minne. Alilitafuta kosa katika jibu hilo na hakuliona. Lilikuwa jibu zuri, na roho ikamuuma upya, palepale ilipokuwa ikimuuma Jumanne. Akavuta kiti cha mtoto, kile kifupi, magoti yakamfika kifuani.

"Na usingizi?" akauliza. "Mstari gani unaoiamsha mashine?"