Maharagi ya Tantine na nyumba ya kamio

Leo huku Chilinde, Malawi, nyumba imetangulia kuiva mbele ya maharagi.

Tantine Zawadi, shangazi yangu, anauzishaka chakula fasi bantu banajenga. Alisikia kuna kiwanja, akatoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na sufuria yake kubwa.

"Kujenga si mchezo," aliniambia asubuyi. "Hapa nitauzisha mpaka Noeli."

Akawasha moto, akatia maharagi.

Kamio, yale malori makubwa, zikafika. Hapana matofali, hapana simenti. Zilibeba vyumba vizima, na madirisha, hata taa!

Mashini ikanyanyua chumba kimoja, ikakiweka juu ya kingine. Tantine alipoonja, bafundi balikuwa bamemaliza, banafunga milango.

Maharagi? Ngumu kama mawe.

Mi nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hata hakunitazama.

Fundi mukubwa, Mumalawi, akaaga kwa luga yake, asante mama: "Zikomo, mayi!"

Tantine akamukamata mukono. "Unaenda wapi? Ingia mule ndani, ungojee maharagi!"

Kiswahili hajui, lakini ile sauti aliielewa. Bote bakaingia.

Bafundi njo bapangaji ba kwanza ba ile nyumba. Ninyi mungeweza kutoka?

Sasa hivi mwenye nyumba amefika na funguo.

Tantine amemwambia apange mustari.