Papa Sagesse na Mwiko wa Majike

Kule Shard End, mtaa wa Birmingham, kila mtu anajulikana kwa jambo lake. Yupo anayejulikana kwa mbwa wake, yupo anayejulikana kwa gari lisilowaka, na yupo Ignace, anayejulikana kwa mnyama ambaye bado hajamuua.

Mnyama huyo ni ayala dume. Wakenya wa Lozells humwita kulungu, na hiyo ni haki yao. Lakini katika kanisa la Wakongo la Stechford, ambalo hukodi ukumbi wa mazoezi ya karate na kunuka soksi hadi wimbo wa tatu, hakuna anayebisha: ni ayala, mwenye madoa mgongoni na pembe pana kama viganja vya mtu anayepokea sadaka. Ignace, ambaye watu wa kwao humwita Papa Sagesse kwa jina la binti yake wa kwanza, alikuwa ameliahidi kanisa zima pembe hizo. Zingetundikwa ukutani sebuleni kwake, na kila mtu angekaribishwa kuziangalia. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada alipata salamu ileile.

"Papa Sagesse, ile pembe iko wapi?"

"Iko njiani."

"Njiani? Inakuja na basi ao inakuja kwa miguu?"

Alicheka pamoja nao, kwa kuwa mwindaji asiyecheka anaonekana amekosa mnyama.

Ignace alikulia upande wa Mwenga, mashariki mwa Kongo, ambako watu waliwinda kwa nyavu na mbwa, na ambako askari wa hifadhi walimkimbiza mtu kwa sababu ya ndezi mmoja. Kule serikali ilimkataza mtu mwenye njaa kuua mnyama. Alipofika Birmingham, akapata kazi kwenye ghala la vifurushi, akapata uraia, kisha akagundua ajabu kubwa kuliko theluji: huku serikali inambembeleza mtu aliyeshiba aue wanyama, naye anakataa. Ignace alihama kutoka kundi la kwanza hadi la pili bila hata kubadilisha koti.

Bunduki aliipata kwa njia halali. Polisi walikuja nyumbani, wakalipima sanduku la chuma lililofungwa ukutani, wakamuuliza maswali ya roho yake. Mke wake, Rosalie, aliwapa chai, akawauliza kama sanduku hilo lingekuwa na nafasi ya vitenge vyake vizuri. Walisema hapana. Tangu siku hiyo Rosalie huiita ile bunduki "mke mwenzangu mwenye kabati".

Akajiunga na kikundi cha wawindaji wenye ruhusa ya kuwinda katika msitu mmoja nje ya jiji, mwendo wa nusu saa kwa gari. Kiongozi wao alikuwa Darshan, Kalasinga mstaafu aliyeendesha basi maisha yake yote, naye alikiongoza kikundi vilevile: hakupandisha sauti, na hakumsubiri mtu anayekimbia. Kanuni yake kuu ilikuwa nyepesi. Hakuna mwanachama atakayepiga dume mwenye pembe kabla hajapiga majike wawili katika msimu wa baridi.

Sababu yake mtoto wa shule ya msingi angeielewa. Mbwa mwitu wa Uingereza walimalizwa zamani na watu walioipenda sana nchi yao. Tangu hapo ayala wanazaana, wanakula kila mche wa mwaloni unaothubutu kuchungulia, na usiku wanaruka mbele ya magari. Ukiua dume, madume wengine wanaifanya kazi yake bila kulalamika. Ukitaka kupunguza kundi, punguza majike. Lakini jike hana pembe. Ukimtundika ukutani, wageni watadhani umefuga mbuzi.

Wanachama wote walikuwa wahifadhi wa mazingira. Walikuwa na beji za uhifadhi kwenye makoti, na vikombe vyao vya chai vilichorwa ayala wenye furaha. Waliupenda uhifadhi kama watu wanavyopenda mazoezi ya mwili: waliwashauri wengine. Aliyeupenda kuliko wote alikuwa Mwingereza mmoja wa Shard End, fundi bomba mstaafu, na tumwite hivyo hivyo, Fundi Bomba, maana hata mkewe hakumwita vizuri zaidi.

"Wanaotunga mambo haya," Fundi Bomba alipenda kusema, "hawajui msitu. Wamekaa ofisini London wanakunywa kahawa." Kisha alifungua chupa yake ya chai ya moto na kumimina kahawa.

Ikafika Januari. Darshan aliwaita wote katika banda wanamochunia wanyama, akasimama kando ya meza ya chuma, safi kabisa, isiyo na hata tone la damu tangu Novemba isipokuwa la wanyama wake mwenyewe. Akawauliza mmoja mmoja kwa nini hajapiga jike. Mmoja alisema ukungu. Mwingine alisema watu wanaotembeza mbwa. Fundi Bomba alisema upepo, akaueleza upepo huo kwa kirefu, ulikotoka na ulikokwenda.

Ignace aliwasikiliza kwa heshima ya mtu anayewasikia mafundi wenzake. Yeye alikuwa amekaa kwenye ulingo, ile ngazi yenye kiti iliyoegemezwa mtini, asubuhi nyingi tu. Majike walikuwa wamepita mbele yake kwa mstari, taratibu, kama wanakwaya wanaoingia kanisani wakijua wamechelewa. Aliwatazama kwenye darubini mmoja baada ya mwingine, akangoja aliye na pembe. Kisha akaenda kuandika kwamba hakuna kilichopita.

"Nisikilizeni," Darshan alisema. "Mwenye msitu amekagua miche. Imeliwa yote. Amesema, ikifika mwisho wa Machi, asiyepiga majike wawili asirudi hapa. Nafasi yake atapewa mtu wa kulipwa, anayepiga bila kuchagua sura."

Ignace akapiga hesabu. Bila kikundi hakuna msitu. Bila msitu polisi watauliza bunduki ni ya nini. Bila bunduki hakuna Papa Sagesse mwindaji, kuna Ignace wa vifurushi tu, anayeulizwa kuhusu pembe kila Jumapili hadi siku watakapomzika. Mtu akibanwa hivyo, mababu humjia haraka.

"Mimi," alisema, "nina mwiko."

Wote wakamgeukia.

"Kwetu, kama katika jamaa ya mwindaji kuna mwanamke mwenye mimba, mwindaji hagusi mnyama jike. Binti yangu Sagesse ana mimba. Nikiua jike, na majike wa sasa wana watoto tumboni..." Alitazama sakafu, jambo lililomsaidia sana.

Kama angesema anaogopa baridi, wangemcheka. Lakini Waingereza ni watu wanaoheshimu mila, hasa ikiwa ya mtu mwingine na inawapumzisha. Fundi Bomba alivua kofia. Mtu mmoja alisema hilo ni jambo zito. Mwingine alisema wao wenyewe zamani walikuwa na hekima kama hiyo kabla ya televisheni. Darshan peke yake hakuvua kitu. Alifuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

Mwiko ule, tangu wazee wauanzishe kule milimani, haukuwahi kupata waumini wengi kwa upesi hivyo. Wiki iliyofuata Fundi Bomba alitangaza kwamba mke wa mpwa wake, kule Wales, ni mjamzito. Mwanachama mwingine alikuwa na jirani. Wa tatu, ambaye hakuwa na ndugu wala jirani wa kuongea naye, alisema mbwa wake ana mimba, na kwa kuwa ni mbwa wa kuwindia, mwiko unamgusa hata zaidi. Ilipoingia Februari kikundi kizima kilikuwa kimefungwa na mila za Mwenga. Majike walipita chini ya ulingo wakatafuna miche iliyobaki kwa amani ambayo hawakuijua tangu enzi za wafalme.

Huenda mambo yangeendelea hivyo, kama Fundi Bomba asingekutana na Sagesse kwenye kituo cha basi. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akampongeza kwa mimba, akamshukuru kwa mchango wake kwa wanyama wa Uingereza, mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri basi la kwenda mjini. Sagesse alikuwa amemwambia mume wake Ruben na wazazi wake tu. Mama mkwe alikuwa hajaambiwa. Miongoni mwa waliosubiri basi alikuwepo shangazi wa Ruben.

Jioni ile Sagesse aliingia kwa wazazi wake bila kuvua viatu. Alisema kwa Kiingereza, kwa kuwa amezaliwa huku na hasira yake haijui lugha nyingine. Aliuliza ni baba wa namna gani anayekwenda kulitangaza tumbo la mwanawe ndani ya banda la wazee wanaonuka damu.

"Hakuna damu mule," Ignace alijitetea. "Ndiyo shida yenyewe."

"Papa Sagesse." Rosalie alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, na hakuinua macho. "Ule mwiko, nani alikuambia?"

"Ni babu."

"Babu alikuambia nusu. Mimi nilitoka kwa watu ya ule mwiko, weye ulitoka kwa watu ya kuusikia. Mwanaume akiushika, haendi pori kabisa. Hagusi bunduki, hagusi kisu. Anabaki nyumbani. Anachota maji, anapasua kuni, anabebea ule mwenye mimba kila mzigo mpaka azae. Haukatwi vipande kama keki, unachukua upande wenye sukari, ule mwingine unaacha."

"Rosalie, huku maji inatoka kwa bomba."

"Voilà. Basi utafungua bomba."

Akaushika mwiko, maana asingeweza kuukana mbele ya waliousikia. Alimbebea Sagesse mifuko ya soko la Stechford. Alimsubiri kliniki kwenye kiti cha plastiki, chini ya picha ya titi la mama anayenyonyesha, asijue macho yake ayaweke wapi. Alikatazwa kisu, kwa hiyo alikula nyama kwa kijiko. Rosalie alimpa vitunguu kisha akavichukua tena: "Pole, nilisahau, vitaomba kisu." Alimenya viazi kwa kucha. Hakumaliza wiki.

"Sagesse, mwanangu," alisema siku moja kwenye gari, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kazi. "Mwenye mimba mwenyewe anaweza kuuondoa mwiko."

Sagesse alizima redio. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu kituo cha basi, alimjibu kwa Kiswahili, kile alichonacho, kilichovunjika katikati. "Wende uue hawo. Lakini mimi usiniseme tena."

Alfajiri iliyofuata Ignace alikuwa kwenye ulingo, na Darshan kando yake, kimya kama kituo cha basi ambacho basi limekwishapita. Majike walikuja kwa mstari wao. Ignace alimchagua wa mwisho. Alipiga vizuri, hilo hatumnyimi. Jike akaruka hatua chache akalala, na wenzake wakasimama kidogo kumtazama kabla ya kukimbia.

Kwenye ile meza ya chuma alimfungua mwenyewe, kwa kisu alichoruhusiwa. Mtoto alikuwemo ndani, ameshakuwa na kwato laini na kope. Ignace alikiweka kisu chini. Darshan alimletea ndoo.

"Ndiyo maana hawapigi," Darshan alisema. "Wanasema ni upepo. Kama wangesema ni hii, ningewaelewa. Nisingewasamehe, lakini ningewaelewa." Akamimina maji. "Na wangepiga Novemba, mtoto huyu angekuwa mdogo kama kidole."

Jike wa pili Ignace alimpiga kabla ya mwezi kwisha. Nyama ya wote wawili ililiwa kanisani hadi mifupa ikabaki myeupe, na watu wakiwa bado wanajifuta midomo wakamuuliza kuhusu pembe.

Siku ya mwisho ya Machi kikundi kilikutana tena bandani. Darshan alisoma majina ya waliobaki, na kazi hiyo haikumchukua muda: lake na la Ignace. Wengine walipokea habari kama watu wanaosikia kwamba treni imefutwa. Fundi Bomba hakupokea. Alimgeukia Ignace, uso umemwiva.

"Wewe," alisema. "Wewe uliyetufundisha. Nilimwamini mtu mwenye mila! Umemuua jike mwenye mimba, na binti yako ana mimba. Wazee wako wangesema nini?"

Wenzake wakatikisa vichwa. Walikuwa wamesikitika kweli. Hakuna anayeumia kwa ajili ya mababu wa watu kuliko mtu aliyewatumia miezi miwili.

Ignace alimtazama yule mzee na beji yake ya uhifadhi. Angeweza kumweleza habari za keki ya Rosalie. Angeweza kumwonyesha ndoo.

"Wazee wangu wangekula," alisema. "Pembe wangewatupia mbwa."

Fundi Bomba alimgeuzia mgongo. Alikusanya chupa yake ya chai, kiti chake cha kukunja na kofia yake, akaenda hadi mlangoni. Hapo akasimama, akashika kitasa, akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za mgonjwa, kama mguu wa nyuma wa jike wa pili ulikuwa umegawiwa wote.

"Wote," Ignace alisema, akarudi kuosha meza.