Watoto Kumi na Mmoja wa Mpasua Mbao

Kila Jumamosi, mwongozaji wa wageni katika nyumba ya makumbusho pale Pickering, mji wa ng'ambo, mama wa Kisii, hufunga kofia ya kitambaa ya kizamani kidevuni na kusimulia habari za mkulima aliyefyeka msitu wa pale mwaka 1858, akapasua mbao, akaijenga nyumba hiyo. Akisimulia, kiganja chake hupapasa ukuta kama mgongo wa ng'ombe.

Kiangazi cha 2011, nikiwa mlangoni nawakatia wageni tiketi, alikuja bibi wa Kizungu, kitukuu wa mkulima huyo. Kwao hakuna aliyekumbuka majina ya watoto wa mzee. Mwongozaji akayataja yote kumi na moja, pamoja na ya mapacha waliofariki wachanga. Bibi akafuta machozi.

"Sasa wataje wewe, mama," mwongozaji akamwambia.

Bibi akawataja hadi wa saba, akakwama, wakacheka wote wawili, wakaanza upya na kifungua mimba.