Fungu la Tano

Mtaa mzima ulimwita Zima Taa. Kwa miaka ishirini na sita aliendesha mashine ya sinema, na watu wakichoka kusubiri picha ianze, walimpigia kelele hizo hizo: zima taa!

Jumapili moja bintiye, mwalimu wa sekondari, alimjia na mswada wa filamu uliojaa begi. Aliandika maisha ya marehemu mama yake, aliyekuwa muuza tiketi wa sinema ile ile.

"Baba, mwanzo ninao, mwisho ninao. Katikati nimezama."

"Nani alikwambia gogo hubebwa zima? Lipasue kuni!"

Mzee akasogeza viti, akazipanga karatasi sakafuni mafungu manane. Enzi zake picha haikuja nzima. Ilikuja mikanda minane, kila mmoja kwenye mkebe wake wa mviringo. Kutoka tundu la chumba chake aliwachungulia watazamaji. Mkanda wenye jambo, hakuna aliyebanduka kitini. Mkanda mtupu, nusu ya ukumbi wakakumbuka choo.

Uso ukamlainika. Alikumbuka joto la mashine, na mkewe akifunga dirisha la tiketi na kupanda ngazi, viatu mkononi, awahi mwisho wa picha. "Mwanzo utanisimulia njiani," alimwambia kila mara. Naye alimsimulia, akitia chumvi, hadi wakafika nyumbani wanacheka.

"Haya," akasema. "Kila fungu liulize: mama yako anataka nini hapa, na nini kinamzuia?"

Walikwenda vizuri hadi fungu la tano. Karatasi tatu tu, na mama hamo.

"Ni ule mwaka alipokwenda kumuuguza mama mdogo," binti alisema. "Nilikuwa na miaka saba. Sina cha kuandika."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Mama yako mdogo hakuumwa. Sinema ilipofungwa, kila kazi niliikataa. Nikalala ndani miezi mitano, mama yako akifua nguo za watu. Siku moja akaniambia, 'Nakuachia mtoto. Akikulilia njaa, huenda ukaamka.'"

"Ukaamka?"

"Kesho yake nilikuwa ghalani nabeba magunia. Yeye alirudi aliporidhika. Baada ya miezi minne."

"Na hukuniambia, Baba!"

"Niliona haya, mwanangu. Mwishowe uongo ukazoeleka."

Binti akatoka kwenda uani, akakaa huko kitambo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaketi sakafuni kando ya baba yake, akaomba kalamu.

Baada ya wiki tatu alileta fungu la tano jipya. Mzee alisoma polepole, kidole chini ya mistari, kisha kidole kikasimama.

"Hapa umemliza mama yako mlangoni. Hakulia. Alikufunika shuka vizuri, akachukua begi, akaenda zake. Aliyelia ni mimi."

Binti akaukata mstari, akaandika juu yake kwa mkono: Baba analia.