Waya wa Mashine ya Kwanza

Mama Chomoa aliajiriwa kuharibu. Msicheke, ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Wenzake ghorofani walibuni kompyuta zisizozimika hovyo, na yeye aliingia chumbani akachomoa waya aone kama kweli hazizimiki. Asubuhi anachomoa umeme, mchana anachomoa mtandao, siku nyingine anailisha mashine moja habari za uongo ili aone kama zile nyingine zitaugundua. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye faili la ofisi tu. Hata mkurugenzi alimwita Mama Chomoa, naye aliitika.

Mimi nilikuwa mtunza stoo wa maabara hiyo. Yeye alinibandika jina la Mzee wa Fomu, kwa sababu kwangu hata betri ya saa ya ukutani haitoki bila fomu yenye muhuri. Nami nilijivunia jina hilo, mjinga mimi.

Alilelewa na baba fundi redio. Alijua kuunganisha waya kwa risasi iliyoyeyushwa kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Akasomea umeme, akaolewa na fundi rangi mpole asiyejua kununa, na uzazi wa kwanza ukaja mapema mno. Mtoto wa kike. Alikaa siku tisa kwenye sanduku la kioo, wodi ya watoto njiti, na siku ya tisa, mchana kweupe, akafa. Mama mtu alikuwa ametoka kwenda kufua vitambaa. Aliporudi alimkuta muuguzi wa zamu amesimama, mikono kichwani, anarudia neno moja tu: "Namba ilikuwa nzuri, mama. Namba ilikuwa nzuri."

Alinisimulia hayo mara moja tu, tukiwa tunahesabu mabunda ya nyaya. "Alikuwa amelala yule," aliniambia. "Alilala, mwanangu akafa, halafu akanidanganya machoni. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba amelala akaniulia mtoto." Baadaye walijaliwa wavulana wawili, wakubwa sasa. Lakini Mama Chomoa hakumsamehe yule muuguzi. Miaka kumi na tisa, kinyongo kibichi kama cha jana.

Sasa sikilizeni habari ya kazi yetu ya mwisho pamoja. Mtafiti mkuu, tuliyemwita Daktari ingawa hajawahi kumpiga mtu sindano, alibuni mtambo wa kulinda watoto njiti. Kila mtoto amefungwa kipimo kidoleni, kipimo kinatuma namba ya hewa iliyomo kwenye damu yake, na namba inaonekana kwenye skrini ya wauguzi. Ikishuka, kengele inalia. Nyuma ya skrini hiyo palikuwa na kompyuta tatu zinazofanya kazi ileile kwa wakati mmoja. Moja ikiharibika, mbili zinaendelea. Moja ikisema uongo, mbili zinaikana. Hospitali ilikubali kuufunga kwenye wodi yenye vitanda kumi na kimoja.

Daktari alikuwa na utaratibu wake wa kujaribu, na hakuwa mtu wa masihara. Anayechomoa hukaa chumba cha mashine peke yake. Anayetazama skrini hukaa chumba kingine na haambiwi waya gani umechomolewa. Mmoja anaandika alichochomoa, mwingine anaandika alichoona, na madaftari hayakutani mpaka mwisho. Jaribio la mwisho likiisha, chumba kinapigwa lakiri, hakuna mkono unaogusa tena mpaka siku ya kukabidhi.

Utaratibu mzuri. Ila mashine ya kwanza ilisimama kwenye kona, mgongo ukutani, na kishikio cha waya wake wa mtandao kilikuwa kimevunjika. Ukiuchomoa, haukai tena sawasawa mpaka uvute kabati zima lililobeba mashine zote tatu. Mama Chomoa akaja stoo kuomba waya mpya.

"Fomu," nikamwambia.

"Nimeileta."

"Haina muhuri."

"Mzee wa Fomu, mwenye muhuri yuko safarini! Waya wenyewe huo hapo nyuma yako, nauona."

"Unauona kwa macho. Kwa mkono, mpaka muhuri."

Akasonya, akaondoka. Nikacheka. Nawaambieni nilicheka.

Basi alifanya nini? Alichomoa ya pili na ya tatu, ya pili na ya tatu, wiki nne mfululizo. Na siku ya mwisho fomu ya majaribio ilipodai kila mashine iwe imechomolewa mara thelathini, alichomoa ya pili mara thelathini zaidi na akaandika "ya kwanza". Aliona ni kitu kilekile. Kompyuta zile zilinunuliwa siku moja, zikatolewa kwenye maboksi yanayofanana, zikapewa programu ileile. Kumbukumbu za mashine zenyewe zingemuumbua, lakini nani alikuwa na muda wa kuzisoma?

Siku moja kabla ya kukabidhi alikuja stoo, akakaa juu ya boksi, akashika tama. Chai yake ikapoa.

"Nimedanganya kwenye daftari, kaka," alisema. Hakuniita Mzee wa Fomu, nikajua mambo si mambo. Akaniambia yote.

Nikaugeukia ule waya, bado uko shelfuni kwenye mfuko wake. Lakini ulimi wangu ulisema kingine. "Zote pacha hizo. Nyamaza zako. Ukifungua mdomo utamwaga unga wako na wa Daktari pamoja."

"Na zikiwa si pacha?"

"Wewe ni fundi au mpiga ramli? Nyamaza."

Hakunyamaza. Asubuhi ya kukabidhi alimvizia Daktari kwenye ukumbi wa chini, mimi nikiwa nimebeba viti vya wageni. Akamwambia waziwazi: ya kwanza sijaichomoa hata mara moja, niliandika uongo. Daktari alibadilika rangi. Akatazama mlangoni, magari ya wageni yalikuwa yanaegeshwa.

"Tutaijaribu wiki ijayo," alisema kwa sauti ya chini, "ikiwa kule kule wodini."

"Inafungwa leo mchana, Daktari. Watoto watakuwa wamefungwa humo leo jioni."

"Mama Chomoa, tafadhali. Mbele ya wageni utachomoa ya pili. Ya pili. Tumeelewana?"

Mama Chomoa alikuwa ameshika kitambaa chake cha kufutia vumbi, anakizungusha kidoleni.

Lakiri ikavunjwa. Kabati likavutwa katikati ya chumba ili wageni waone. Walikuwepo wakubwa wa hospitali, walikuwepo wa chuo, na mbele kabisa alikaa muuguzi mkuu wa ile wodi, mwanamama mwenye miwani na daftari dogo mapajani. Mezani palikuwa na kifaa kinachojifanya kidole cha mtoto, na skrini ilionyesha namba zake zikicheza: tisini na tano, tisini na saba, tisini na sita. Namba ya mtoto aliye hai haitulii, inapanda na kushuka kidogo kidogo.

"Sasa fundi wetu atachomoa waya mmoja," Daktari akatangaza, "nanyi mtaona kwamba hakuna kinachopotea."

Mama Chomoa alipita mashine ya tatu. Akapita ya pili. Akainama kwenye ya kwanza, akachomoa.

Skrini haikuzimika. Namba ilibaki pale pale, tisini na saba, ya kijani, safi. Wageni wakapiga makofi. Loo, yalivyovuma! Daktari akashusha pumzi, akatabasamu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipiga makofi kuliko wote.

"Msipige makofi," Mama Chomoa alisema. "Itazameni."

Akaenda mezani, akashika kitufe cha kile kidole cha uongo, akakizungusha chini. Themanini. Sabini. Sitini. Hapo mtoto wa kweli angekuwa amegeuka bluu. Skrini ikasema tisini na saba. Kengele kimya. Akasubiri dakika nzima.

Tulikuja kuambiwa baadaye kwamba mashine ya kwanza ndiyo iliyowapigia saa wenzake, yaani kuwaambia lini wasome namba mpya. Alipoitoa, zile mbili ziliendelea kuisubiri kwa adabu, kama wageni wanaomngoja mwenye nyumba aanze kula, na skrini ikashikilia namba ya mwisho iliyopewa. Ilikuwa ni kurekebisha mistari michache tu ya programu. Lakini kwanza ilibidi mtu auchomoe ule waya.

Muuguzi mkuu ndiye aliyeinuka. Alikaribia skrini mpaka miwani yake ikawa ya kijani.

"Mimi ningekuwa zamu," alisema polepole, "mama mtoto angerudi, angeniuliza. Ningemwambia namba ni nzuri. Na nisingekuwa nimesema uongo."

Mama Chomoa alikaa chini. Hapo hapo sakafuni, na sketi yake ya sherehe, waya bado mkononi. Watu walidhani anaogopa kufukuzwa. Mimi pekee nilijua amefika wapi. Alikuwa amesikia mara mia somo la mashine zinazoganda, amelifundisha hata wanafunzi, na hakuwahi kulipeleka kwenye lile sanduku la kioo.

Mtambo haukufungwa siku hiyo wala mwaka huo. Daktari alimfokea, kisha akaenda mwenyewe kwa mkurugenzi kueleza kwamba aliambiwa asubuhi ile akafumba macho. Mama Chomoa alipewa barua kwa kuandika uongo, akahamishiwa stoo, chini yangu. Chini yangu mimi! Nilipeleka barua yangu pia, nikaeleza habari ya muhuri. Hakuna aliyeijibu. Waya ule nilimpa mwenyewe, mkononi, bila fomu, na hakuupokea.

"Jumamosi nisindikize," aliniambia badala yake. "Nimempata alipo."

Yule muuguzi wa miaka ile alikuwa amestaafu. Alikaa chumba na sebule, anashona mashuka ya watoto kwa cherehani, magoti yamekwisha. Mama Chomoa alimwamkia shikamoo akiwa amesimama mlangoni, hakuthubutu kukaa.

"Marahaba," yule mama alijibu. Akamtazama. "Wewe nakujua. Wewe ndiye uliyeniambia nimekuulia mtoto."

"Ndiye mimi. Nimekuja kukuuliza jambo moja, dada. Ile namba siku ile. Ilikuwa inacheza?"

"Inacheza vipi?"

"Inapanda na kushuka. Au ilikuwa imetulia?"

Mguu wa yule mama ukaacha kukanyaga cherehani.

"Tisini na sita," alisema. "Tangu naingia zamu mpaka... Tisini na sita tu. Nilifurahi, nikasema moyoni leo huyu katulia."

Mama Chomoa alipiga magoti. Akamweleza, kwa maneno mepesi, skrini inavyoganda na namba inavyobaki. Akamwambia mashine ile ya zamani ilishatupwa, hawezi kula kiapo, lakini hakuna mtoto duniani anayekaa tisini na sita zamu nzima. "Hukunidanganya," alisema. "Nimekubebesha bure. Nisamehe."

Yule mama hakulia. Alitoa shuka kwenye cherehani, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Wewe uliniambia nililala," alisema. "Nami nikakuamini. Miaka yote hii najiuliza nilisinzia saa ngapi."